Kueleza upya na kufupisha matini za maadili ya tiba: jibu kwa mwalimu wa Kiingereza

Mwalimu mmoja wa Kiingereza katika chuo cha uuguzi, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, anauliza: "Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wamesoma matini ya kurasa tatu kuhusu Henrietta Lacks, mgonjwa wa saratani wa Marekani ambaye mwaka 1951 seli zake zilichukuliwa kwa utafiti bila yeye kuambiwa. Nikiwaambia waeleze aya moja kwa maneno yao wenyewe, nusu yao hunakili sentensi kama zilivyo, na waliobaki hubadili neno moja moja kwa kamusi ya simu mpaka habari inapotoka. Nikiwaambia wafupishe, huandika hukumu, kwamba madaktari walikuwa wezi na wabaguzi. Nifundisheje stadi hizi mbili bila kuwarudisha kwenye sarufi ya kidato cha pili? Na je, niwakataze kutumia Kiswahili darasani?"

Mwalimu mwenzangu, nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake ndilo linaloyabeba mengine: usiwakataze. Mwanafunzi anayenakili si lazima awe mvivu. Mara nyingi ni mtu ambaye hajaweza kuitenganisha habari na maneno iliyokuja nayo, hivyo kila akijaribu kuyaacha maneno anaona kama anaiacha na habari yenyewe. Wengi wa wanafunzi wako, kama walipitia shule za umma, walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza, na tangu hapo njia ya salama ya kupata alama ikawa kuzirudisha notsi za ubaoni kama zilivyoandikwa. Miaka minne walisifiwa kwa kukariri, na leo wewe unawaambia kukariri ni kosa. Wanahitaji mahali pa kuiweka habari wakati wanautafuta Kiingereza chao, na mahali hapo wanapo tayari, ni Kiswahili.

Wape aya moja isiyozidi sentensi tano. Waisome mara mbili, waifunike, kisha kila mmoja amweleze jirani yake kwa Kiswahili kama anavyoweza kumweleza ndugu yake wa nyumbani ambaye hajasomea uuguzi. Ni muhimu karatasi iwe imefunikwa, kwa sababu ikiwa wazi watafasiri neno kwa neno na utakuwa umehamisha tatizo lile lile kutoka lugha moja kwenda nyingine. Wewe pita katikati ya madawati usikilize. Utamsikia mmoja akisema: "Walimkata vijinyama viwili kwenye mlango wa kizazi, wakavipeleka maabara, mwenyewe hana habari." Sentensi hiyo, hata kama ni ya mtaani, imebeba kila kitu: tendo, mahali, kilikopelekwa kilichochukuliwa, na mgonjwa asiyejua. Huyo amekwisha kueleza upya, na kilichobaki ni kuandika. Mwingine utamsikia akisema kwamba walimtoa kizazi. Huyo hakuielewa aya, na ukimkalisha chini umfundishe visawe vya Kiingereza utakuwa unatibu ugonjwa asio nao.

Baada ya mazungumzo hayo ndipo waandike kwa Kiingereza, matini ikiwa bado imefunikwa, na waifunue mwishoni tu kwa ajili ya kusahihisha tarehe, majina na tarakimu.

Sasa tuutazame uandishi wenyewe kwa karibu. Nimeunda sentensi moja inayobeba kiini cha kisa hicho: "In 1951, while Henrietta Lacks was being treated for cervical cancer at Johns Hopkins Hospital in Baltimore, a surgeon removed two small samples of tissue from her cervix without telling her that they would be sent to a research laboratory." Na hii hapa ni kazi ya aina ile unayoilalamikia: "In 1951, when Henrietta Lacks was being cured of neck cancer at Johns Hopkins Clinic in Baltimore, a doctor deleted two little examples of tissue from her neck without saying to her that they would be posted to an investigation laboratory."

Isome kazi ya namna hii mbele ya darasa bila kumtaja aliyeiandika. Wauguzi watacheka wakifika kwenye shingo, maana kamusi imeupandisha mlango wa kizazi hadi chini ya kidevu, na watacheka tena sampuli zilipogeuka mifano. Waache wacheke, lakini uwaoneshe kwamba kosa zito kuliko yote ni lile lisilochekesha: kutibiwa kumegeuzwa kuponywa. Henrietta Lacks alifariki tarehe 4 Oktoba 1951 akiwa na umri wa miaka 31, miezi michache tu baada ya kuanza matibabu. Kisha waoneshe jambo la pili, ambalo wanafunzi wachache huligundua wenyewe: pamoja na kubadilishwa maneno mengi hivyo, sentensi hii bado imenakiliwa. Imeanza na mwaka kama ile ya kwanza, ikafuata matibabu, ikafuata daktari, ikaishia maabara. Mifupa ni ile ile, nyama tu ndiyo imebadilishwa, na mwalimu yeyote anayesahihisha wizi wa maandishi ataihesabu kuwa wizi.

Kwa hiyo fundisha kwamba kueleza upya huanza kwa kubadili mahali pa kuanzia. Sentensi ianze na mgonjwa, au na maabara, au na lile jambo la kutoambiwa. Kianzio kikihama, sarufi nzima hulazimika kujipanga upya, na maneno mengi hubadilika yenyewe bila kamusi kuguswa. Mwanafunzi wa wastani anaweza kufika hapa: "Henrietta Lacks was never told that two pieces of tissue taken from her cervix in 1951, during her cancer treatment at Johns Hopkins Hospital in Baltimore, were meant for a research laboratory." Ni sentensi nzuri, na katika somo la kawaida la Kiingereza ningeipa alama zote. Katika matini ya maadili ningemuuliza aliyeiandika swali moja: daktari wa upasuaji amekwenda wapi?

Hapa ndipo matini za maadili ya tiba zinapotofautiana na matini za jiografia au za kilimo, na ndipo ninapokuomba utumie muda wako mwingi. Vitabu vyetu vya Kiingereza huisifu kauli ya kutendwa kuwa ndiyo lugha ya sayansi, na wanafunzi wameamini. Lakini swali la kwanza la maadili ni nani alimfanyia nani nini, na kauli ya kutendwa humfuta mtendaji bila kelele yoyote. Tishu "zilichukuliwa", wagonjwa "hawakuelezwa", dawa "haikutolewa": kila mara mtu fulani amepotea. Sisemi kauli hiyo ipigwe marufuku. Kuna mahali ambapo matini yenyewe haimtaji mtendaji, na hapo mwanafunzi hana ruhusa ya kumbuni. Ninachosema ni kwamba mtendaji akiwemo katika matini na akakosekana katika kazi ya mwanafunzi, habari imepungua, hata kama sarufi haina doa.

Mimi huchora ubaoni jedwali lenye safu nne: nani, alifanya nini, kwa nani, na nani alikuwa akijua. Safu ya nne ndiyo yenye kazi. Katika kisa hiki daktari wa upasuaji alichukua sampuli, George Gey alikuwa mkuu wa maabara iliyozipokea, na Mary Kubicek, msaidizi wake, ndiye aliyeziotesha. Wanafunzi wengi huandika kwamba Gey alimkata mgonjwa, kosa ambalo jedwali hulikamata mara moja. Kisha teremka na miaka. Mwaka 1951 mgonjwa hajui. Familia yake ilikuja kujua katika miaka ya 1970, wakati seli hizo, zilizopewa jina la HeLa, zilikuwa zimekwisha kusambaa katika maabara za nchi nyingi na kutumika hata katika kuijaribu chanjo ya polio ya Jonas Salk. Machi 2013 watafiti walioko Ujerumani walichapisha jenomu ya seli hizo, yaani taarifa zake zote za kinasaba, bila kuiuliza familia, na Agosti mwaka huo huo ndipo Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilipoafikiana na familia kwamba wawakilishi wake waketi katika kamati inayopitia maombi ya kuitumia jenomu hiyo. Mwanafunzi akiijaza safu ya nne mwaka baada ya mwaka, anaona kwa macho kisa kinahusu nini, na muhtasari wake umekwisha kuanza kujiandika.

Kuna maneno ambayo hayapaswi kubadilishwa kabisa, na ni kazi yako kuyataja kabla ya zoezi ili wasipoteze nusu saa kuyatafutia visawe: majina ya sehemu za mwili, majina ya magonjwa na vipimo, majina ya taasisi, na neno "consent". Mwanafunzi akiweka "permission" mahali pa "consent" amepunguza jambo, kwa sababu ridhaa katika tiba hudai mgonjwa awe ameelezwa, ameelewa na amekubali kwa hiari yake, ilhali ruhusa inaweza kutolewa na mtu mwingine kabisa, hata na mganga mkuu. Kuyaacha maneno haya kama yalivyo si kunakili.

Vitenzi visaidizi navyo havibadilishwi ovyo. Azimio la Helsinki, yaani mwongozo wa maadili ya utafiti wa tiba unaohusisha watu, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, limejengwa juu ya tofauti ya lililo lazima, linalopaswa na linaloruhusiwa, na mwanafunzi anayegeuza "should" kuwa "must" ametunga azimio jipya. Somo moja fupi linatosha kwa hili.

Kwa matini ya pili ninapendekeza utafiti wa kaswende wa Tuskegee, kwa sababu unapima usahihi kuliko kisa chochote ninachokifahamu. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi wapatao 600 katika jimbo la Alabama: 399 walikuwa na kaswende na 201 hawakuwa nayo. Waliambiwa kwamba wanatibiwa "damu mbaya", wakapewa milo, usafiri na ahadi ya gharama za mazishi, na hata baada ya penisilini kuwa tiba inayokubalika ya kaswende katika miaka ya 1940 hawakupewa. Waambie wanafunzi wakueleze kisa hiki kwa sentensi mbili, nawe uhesabu ni wangapi watakaoandika kwamba madaktari waliwachoma watu hao sindano za kaswende. Watakuwa wengi, kwa sababu ndivyo kisa kinavyosimuliwa vijiweni. Matini haisemi hivyo. Waliokuwa wagonjwa waliugua kabla, na ubaya uliofanywa ni kuwadanganya na kuwanyima tiba. Watafiti wa Marekani waliwaambukiza watu magonjwa ya zinaa kwa makusudi kwingineko, nchini Guatemala, kati ya mwaka 1946 na 1948, na anayechanganya visa hivi viwili anawapa wanaotaka kukanusha vyote nafasi ya kufanya hivyo. Wengine wataandika wagonjwa 600. Waonyeshe 399.

Ukija kwenye ufupisho, kumbuka kwamba wanafunzi wako walishaufanya kwa Kiswahili sekondari, na wengi wamebaki na ile kanuni ya kuipunguza habari hadi theluthi moja. Kanuni hiyo inawaambia waandike kiasi gani, haiwaambii waache nini, kwa hiyo hupunguza kila aya kidogo kidogo na kukuletea matini ile ile iliyokonda. Dawa yake ni swali. Usiwape kamwe agizo tupu la kufupisha, waandikie swali juu ya karatasi. Swali likiwa "Kwa nini kisa hiki hujadiliwa katika maadili ya utafiti?", watoto watano wa Henrietta, mashamba ya tumbaku ya Virginia alikokulia na safari ya kuhamia Maryland vyote vinatoka. Swali likiwa "Henrietta Lacks alikuwa nani kabla hajawa jina la seli?", hivyo hivyo ndivyo vinavyorudi, na chanjo ya polio inatoka. Ligawe darasa mara mbili, kila nusu na swali lake juu ya matini ile ile, kisha wabadilishane kazi. Sijaona njia nyingine inayowaonyesha haraka namna hii kwamba kufupisha ni kuchagua, na kwamba anayechagua lazima ajue anachagulia nini.

Kwa swali la kwanza, muhtasari usiozidi maneno 60 unaweza kuwa hivi: "In 1951 a surgeon at Johns Hopkins Hospital took tissue from Henrietta Lacks, a cancer patient, without telling her it would be used in research. Her cells became the first human cells to multiply indefinitely in a laboratory and served medicine worldwide, while her family learned of them only in the 1970s." Hakuna neno la kulaumu humo. Hata hivyo lile "while" limeiweka faida ya dunia na kutojua kwa familia bega kwa bega, na msomaji ameachiwa aone mwenyewe. Mwombe mwanafunzi akuonyeshe ni neno gani limefanya kazi hiyo. Akilipata, hatakuwa na haja kubwa ya kuandika "wezi".

Lakini hukumu zao usizifukie. Muuguzi mtarajiwa aliyesoma kisa hiki asikasirike ananitia wasiwasi kuliko yule aliyekasirika akaandika vibaya. Wafundishe kupiga mstari katikati ya ukurasa: juu ya mstari ni yale asemayo mwandishi wa matini, chini ya mstari ni yale asemayo mwanafunzi, kwa nafsi ya kwanza na kwa sababu. Neno "wezi" likae chini. Kama matini inasema kwamba ndugu zake waliona wameibiwa, basi linaweza kukaa juu, lakini liwe mdomoni mwa ndugu hao. Neno "illegal" nalo likae chini, na hata huko litetewe, kwa sababu mwaka 1951 hakukuwa na kanuni iliyomlazimu daktari wa Marekani kuomba ridhaa kabla ya kuchukua tishu za utafiti kwa namna ile.

Kuhusu "wabaguzi", una bahati, kwa sababu hapa ndipo mahali pazuri pa kufundisha vitenzi vya kuripoti. Kwamba hospitali hiyo iliwalaza wagonjwa Weusi katika wodi zao peke yao ni jambo la historia, na linaweza kuandikwa waziwazi. Kwamba sampuli zilichukuliwa kwa sababu ya rangi yake ni jambo linalobishaniwa: hospitali yenyewe hueleza kwamba Gey alikuwa akikusanya seli kutoka kwa wagonjwa wote wa saratani hiyo bila kujali rangi wala kipato, na waandishi wengine husisitiza kwamba waliolazwa katika wodi za bure ndio waliofanywa malighafi ya utafiti kama malipo ya matibabu. Mwanafunzi anayejua kutumia "the hospital states" na "other writers argue" anaweza kuziandika hoja zote mbili bila kuisaliti hata moja. Asiyejua atachagua moja na kuiita ukweli.

Kuna zoezi jingine ambalo kwa chuo cha uuguzi lina maana ya pekee, na hapa Kiswahili kinageuka kuwa lengo lenyewe. Tafiti za afya zinazohusisha watu nchini huhitaji kibali cha kimaadili, jina la NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wanafunzi wako watalizoea, na nyaraka nyingi za tafiti hizo huandikwa kwanza kwa Kiingereza, ilhali mshiriki lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa. Mwenye kazi ya kumweleza mara nyingi ni muuguzi. Andika aya moja ya Kiingereza ya fomu ya ridhaa, inayosema kwamba damu itachukuliwa, itahifadhiwa, huenda ikatumika katika tafiti za baadaye, na kwamba mshiriki anaweza kujitoa bila kupoteza huduma. Mwanafunzi mmoja awe muuguzi, mwingine awe mama aliyekuja kliniki, na mama huyo atakiwe kurudia alichoelewa. Sikiliza lile "huenda". Likipotea njiani, mama ameambiwa damu yake itatumika, au hakuambiwa kabisa, na darasa zima litaona kwa nini ulihangaika na vitenzi visaidizi.

Programu za simu zinazoandika upya sentensi sitazizungumzia sana. Watazitumia, na nyingine siku hizi hutoa Kiingereza laini kuliko changu. Mwombe aliyeleta kazi laini aifunike na akueleze kwa lugha yoyote aitakayo. Akiweza, ameelewa na tuna la kuongea. Asipoweza, mrudishe kwenye hatua ya jirani na Kiswahili, bila kumwaibisha.

Katika usahihishaji, alama nyingi zaidi ziende kwenye usahihi wa habari, zifuatazo kwenye uhuru wa muundo wa sentensi, na chache zilizobaki kwenye sarufi, kisha wanafunzi waambiwe mapema kwamba ndivyo itakavyokuwa. Ukizigawa kinyume chake, watarudi kunakili kesho yake asubuhi, kwa kuwa sentensi iliyonakiliwa haina kosa la sarufi.

Kama unataka sentensi ya mtihani, tumia hii niliyoitunga kwa ajili hiyo: "In October 2021 the estate of Henrietta Lacks sued the company Thermo Fisher Scientific for profiting from HeLa cells, and in 2023 the two sides reached a settlement whose terms were not made public." Wengi wataandika kwamba familia ilishinda kesi, na baadhi wataandika kwamba kampuni ililipa mamilioni. Usiandike "kosa" pembeni. Mpigie mstari chini ya neno "won" au "paid", umrudishie karatasi pamoja na matini, na umwombe akuonyeshe kwa kidole mahali alipolisoma.